Hesabu ya Kilimia

Tarehe 9 Novemba

Kwa kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea kuliko mimi. Natumaini na wewe huko kiwandani hujambo, na kile kikohozi cha vumbi la vitambaa kimekuachia.

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala upande usishangae. Lile ghala lililojengwa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wetu, wamelifungia taa. Taa nane, zile pana nyeupe, zimekaa juu ya nguzo huku nyuso zimeinuliwa. Zinamulika ghala, zinamulika barabara, zinamulika ukuta wetu, na mwanga unaobaki wanaumwaga angani bure. Juzi mama yako kachambua mchele uani saa mbili usiku bila kuwasha kitu. Akasema angalau tumepata faida. Nikamwambia faida hiyo akailaze kitandani, maana hata chumbani imeingia.

Sasa namba. Tarehe 4, hakuna mbalamwezi wala wingu. Nimetoka uani saa tatu, nikafumba macho na kuhesabu hadi mia mbili ili yazoee giza, kama kweli pale pana giza. Kisha nikahesabu nyota za Kilimia, lile kundi letu dogo. Nne. Nikarudia, nne. Novemba iliyopita niliandika saba. Daftari letu la hesabu lina miaka thelathini na moja ndani yake, na hakuna Novemba yenye nne.

Nimempelekea meneja wa ghala barua. Sikumwomba azime taa, mali ya watu ina haki ya kulindwa. Nimemwomba azifunike kwa juu na kuziinamisha, mwanga uanguke chini anakopita mwizi. Mwizi hapiti angani.

Niandikie namba yako ya mwezi huu. Najua una simu na mama yako anayo, lakini namba ya kwenye simu inapepea. Ya kwenye barua ina mhuri wa posta.

Baba yako,
fundi saa mwenye hasira


Tarehe 24 Novemba

Shikamoo baba,

Nimefurahi kupata barua yako, hasira na vyote. Kikohozi kimepungua tangu wanihamishe kwenye meza ya vifungo. Huko kwenye kukata vitambaa tulikuwa tunavuta pamba kuliko hewa. Siku hizi tunashona sare za shule, mashati meupe asubuhi hadi jioni, nikifumba macho naona kola.

Chumba ni kile kile cha ghorofa ya nne. Duka la dawa la upande wa pili limeweka ubao mpya wa taa, msalaba wa kijani unaowaka na kuzima. Nilinunua pazia zito, halikusaidia. Nikishindwa kulala natia uzi kwenye sindano kwa mwanga wake.

Pole sana kwa taa za ghala. Mimi hapa namba yangu ni sita, kama kawaida.

Baba, usinikasirikie kwa hili. Umetimiza sitini na saba. Huenda si taa peke yake. Kamuone daktari wa macho, hata kwa kupita tu.

Msalimie sana mama.

Mwanao


Tarehe 12 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila hiyo sita yako imenikalisha macho.

Nimeisoma nikiwa kazini, mkononi nina saa ya mwalimu mkuu imefunguka tumbo, nikabaki nimeishikilia mpaka mwenyewe akaniuliza kama ina ugonjwa mbaya. Wewe uko katikati ya mji. Una taa za barabara, taa za magari, huo msalaba wa kijani, na bado unaona sita. Mimi nina ghala moja tu nachungulia nne, na mwezi huu nimepata tatu. Hesabu hiyo haikai sawa. Au umehesabu na nyota ya jirani? Hebu niambie, una hakika?

Meneja nimeonana naye. Ni kijana mstaarabu, ana shati limepigwa pasi kuliko akili yake. Alinisikiliza, akasema taa zimepangwa na makao makuu. Kisha akaniuliza, "Mzee, una uhakika si macho?" Wewe na yeye mmekaa kikao?

Mama yako anasema macho yangu yanaona vumbi kwenye sahani aliyoiosha, kwa hiyo ni mazima. Lakini sahani iko karibu na nyota ziko mbali. Labda ya mbali ndiyo yanayoanza kwenda.

Nijibu upesi.

Baba yako


Tarehe 3 Januari

Shikamoo baba,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama. Samahani nimechelewa. Kabla ya shule kufunguliwa kiwanda kinatukamua, tunaingia alfajiri na kutoka giza, na msimamizi anatembea na saa ya kuhesabia mashati.

Nina hakika, baba. Sita. Desemba nilihesabu sita, na mwezi huu tena sita.

Tafadhali nenda kwa daktari. Siku hizi wanatazama kwa mashine, huumii. Ukiniandikia kwamba umekwenda, roho yangu itatulia.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi wowote.

Kwa daktari sijakwenda. Kitu ninachokijua sina haja ya kuambiwa na mashine. Nimekaa na zile sita zako tatu, ya Novemba, ya Desemba uliyoitia kwenye barua ya Januari, na ya Januari yenyewe, nikazipima kwa haki kama ninavyopima saa mbili zinazopingana. Moja ikikimbia na nyingine ikichelewa, lazima ujue ipi mbovu. Mbovu ni mimi.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda ghalani. Nilimwambia meneja, mbele ya walinzi wawili na dereva wa lori, kwamba nilizisingizia taa zake, kosa ni macho yangu, na barua yangu aitupe. Akanipa mkono, akasema pole mzee, akanipa na kalenda ya ghala. Mama yako ameitundika jikoni. Sijui kama ananisimanga au anapenda picha ya lori.

Halafu wiki iliyopita nilidondosha skrubu ya saa ya kike, ile ndogo kama punje ya chumvi, na sikuiona tena. Najua hata nilipokuwa na miaka thelathini zilikuwa zinadondoka. Lakini wakati ule nilikuwa nikipiga magoti na kuitafuta bila kuwaza. Safari hii nilipiga magoti nikaanza kuogopa. Nikisubiri hadi niharibu saa ya mtu, nitaondoka pale kwa aibu. Kwa hiyo nimeamua kuondoka kwa miguu yangu. Kibanda nimemwachia yule fundi simu tuliyepakana naye, pamoja na meza, vibano, bisibisi zote na lenzi ya jichoni. Atakifungua kuwa kimoja na chake. Alinishukuru sana, nikamwambia asinishukuru.

Nashinda nyumbani. Mama yako ananituma dukani mara nne kwa siku ili nisimtazame.

Hesabu nimeacha. Safu yangu ya daftari sasa ni tupu. Yako iendelee. Wewe ndiye macho yangu, mama, uniandikie kila mwezi hata kama mimi sijaandika.

Baba yako


Tarehe 8 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi. Baba, kwa nini umegawa meza? Kwa nini hukusubiri? Nilikuambia daktari, sikukuambia uache kazi. Zaidi ya miaka arobaini unafungua saa za watu, skrubu moja ndiyo ikutoe?

Mwombe fundi simu akurudishie. Mwambie ulikuwa unaumwa. Mwambie chochote. Na uende kwa daktari kwanza, nakuomba, kabla hajabomoa ukuta.

Nilitaka kuja mwisho wa mwezi, nimenyimwa ruhusa.

Namba ni sita.

Mwanao


Tarehe 16 Mei

Shikamoo baba,

Sijapata barua yako tangu Februari. Nilimpigia mama, akasema u mzima ila huna la kusema. Na mimi Aprili nilibanwa na kazi, sikuandika, unisamehe.

Huku si kubaya. Wametuwekea feni mbili, moja inafanya kazi. Nimepata rafiki kwenye meza ya vifungo, anaimba siku nzima na hajui wimbo hata mmoja hadi mwisho. Nawaza sana habari ya kibanda. Umeongea na fundi simu?

Kilimia mwezi huu, sita. Nimetazama vizuri kabisa, anga lilikuwa safi.

Mwanao


Tarehe 28 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima.

Nimeitazama kalenda ya ghala mara mbili kuhakikisha ni mwezi gani. Ni mwezi wa tano. Mwezi wa tano Kilimia hakionekani. Kinachomoza na jua na kuzama na jua, na hakuna binadamu anayekiona, awe mjini au jangwani. Kila mwaka ukurasa wa Mei ni mtupu, miaka thelathini na moja. Wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka minane uliuita likizo ya Kilimia. Uliifurahia kuliko likizo ya shule, kwa sababu hakuna wa kukuamsha. Na sasa unaniandikia umetazama vizuri kabisa, anga lilikuwa safi.

Nikajiuliza, kama hii sita si ya kweli, zile nyingine je? Nimekaa na daftari siku mbili. Mimi natengeneza saa, naijua saa iliyosimama. Safu yangu inapanda na kushuka, saba, sita, saba, tano siku ya ukungu. Yako ni sita mwaka mzima, na mwaka wa kabla yake, hadi msimu wa mvua, sita. Niliona na nikajivunia. Nikawaambia watu mwanangu ana macho imara.

Kwa namba yako nilijihukumu. Ndiyo iliyonipeleka kuomba radhi mbele ya walinzi, na ndiyo iliyonifanya niinuke kwenye meza yangu. Ungeniandikia sifuri, mwanangu, sifuri moja tu, ningejua kwamba mji wenye taa hauoni kitu, na kwamba macho yangu ni mazima. Nilikuwa nahitaji ile sifuri kuliko dawa.

Fundi simu ameshabomoa ukuta.

Niambie ukweli. Usiniandikie "samahani" mpaka uwe umemaliza kuueleza.

Baba yako


Tarehe 11 Juni

Shikamoo baba,

Ukweli ni huu.

Nilipohamia hapa nilikuwa nikipanda juu ya paa, kwenye matangi ya maji, na nilihesabu kweli. Mwaka wa kwanza niliona tano. Baadaye nne. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, nilikuandikia tatu. Sijui kama unakumbuka ulinijibu nini. Uliniandikia, "Tatu? Umetazama, au umepita tu? Rudi ukatazame tena kama mtu aliyelelewa na mimi." Nikarudi. Nikafumba macho, nikahesabu hadi mia mbili, nikafumbua. Tatu, na ya tatu nikiisaidia. Nikakaa pale nikilia kwa hasira, kwa sababu niliyokuambia ni kweli na wewe umeniita mvivu. Nikashuka nikaandika sita. Ukanijibu kwa kurasa mbili za furaha.

Mwezi uliofuata mwenye nyumba alitia kufuli mlango wa paa, eti watu wanaanika nguo kwenye mabomba. Sikumwomba ufunguo. Kusema kweli nilishusha pumzi. Tangu hapo sikutazama hata mara moja, baba. Ukitaka kujua nini kinaonekana hapa juu, ni rangi ya chai ya maziwa tangu magharibi hadi alfajiri.

Mei zilizopita sikukosea kwa sababu nilikuwa nikisubiri barua yako kwanza, na Mei ulikuwa huandiki. Mwaka huu hukuwa unaandika kabisa, hakuna kilichonikumbusha.

Kwa nini sikusema ulipoachia kibanda, sina jibu zuri. Barua ya Februari nilianza kuijibu mara tano. Kila nikiandika "baba, nilidanganya" nilimwona meneja na kalenda yake, na walinzi, na wewe umesimama pale. Nikaona ukienda kwa daktari ataniokoa. Nilitaka yeye akuambie. Ni woga tu, hakuna kingine.

Sasa nimemaliza kueleza. Samahani, baba.

Mwanao


Tarehe 20 Agosti

Shikamoo baba,

Sijui kama ya Juni uliipata. Mama kwenye simu anasema "muulize mwenyewe", na wewe huji kwenye simu.

Nimekwenda kwa mwenye nyumba. Nilimwambia nataka ufunguo wa paa, akauliza wa nini, nikamwambia wa kutazama nyota. Akaniuliza kama nimeokoka au nimeachwa. Ilinichukua wiki tatu za kumsumbua. Jumanne, kabla ya zamu ya alfajiri, nilipanda. Hakukuwa na mbalamwezi, na Kilimia kilipaswa kuwa juu kabisa. Nilihesabu hadi mia mbili, nikatazama nusu saa. Mwezi huu namba yangu ni sifuri.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya meneja wa ghala. Nimemwandikia kwa jina langu kamili na namba yangu ya kazi kwamba nilikudanganya, kwamba uliomba radhi kwa sababu ya uongo wangu, na kwamba malalamiko yako ya kwanza yalikuwa sahihi. Sikuifunga. Isome, ukiona inafaa mpelekee.

Mwanao


Tarehe 15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua zote mbili nilizipata, ya Juni niliipata mapema sana. Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi, na mama yako ndiye anayenibandikia stempu, angesoma.

Kwanza, daktari. Nimekwenda. Nilisoma ubao wake mpaka mstari wa mwisho, akaniuliza kama nimeukariri nikiwa kwenye foleni. Akageuza ubao mwingine, nikausoma na huo. Hana la kunitibu.

Pili, meneja. Nilimpelekea barua yako. Aliisoma yote, nampa haki yake. Kisha akasema, "Mzee, mwaka jana zilikuwa taa, Februari yakawa macho, sasa ni taa tena. Mwezi ujao itakuwa nini?" Walinzi wakacheka. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema hivyo hivyo. Malalamiko ni kama kitu cha moto, nikakiacha kikapoa kwa mkono wangu. Mwezi uliopita wameongeza nguzo nne upande wa nyuma. Taa sasa ni kumi na mbili, na hakuna iliyoinamishwa.

Tatu, kazi. Fundi simu amenipa nusu ya meza. Meza ni yangu lakini nimepewa nusu. Lenzi amenirudishia, ila alikuwa akiishika kwa mikono yenye gundi. Wateja wengi wameshapotea, walisikia nimepofuka, na habari kama hiyo huwezi kuizungukia nyumba hadi nyumba kuikanusha. Aliyekuja wa kwanza alinionyesha vidole aniulize ni vingapi. Nimemtengenezea saa yake nikiwa na hasira hadi masikioni.

Uani nimeanza tena kutoka. Naona mbili. Macho yangu ni mazima kabisa, na hakuna cha kuyaonyesha.

Safu yako nimeipitia. Kila sita ya uongo nimeipiga mstari kwa rula na juu yake nimeandika "hakutazama". Ni nyingi, mkono ulichoka. Sifuri ya Agosti nimeiandika.

Ile barua yangu ya "rudi ukatazame tena" naikumbuka. Nilipoiandika nilijiona mwalimu mzuri. Ulinipa namba ya kweli nikakurudishia kama saa bandia. Hilo ni langu, silikwepi. Lakini sijamaliza kukukasirikia, nakwambia ili ujue, wala usije mbio na zawadi kunilainisha.

Novemba Kilimia kitakuwa kinachomoza jioni. Omba ruhusa mapema, safari hii usikubali kunyimwa. Nimeongea na dereva wa lori wa ghala, yule yule aliyenisikia nikiomba radhi. Huwa anapita kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, na anasema pale hata mkono wako huuoni. Atatushusha jioni na kutuchukua alfajiri akirudi. Mama yako amekataa kuja, anasema nyota hazijawahi kumletea maji.

Utakaa upande wako na mimi upande wangu. Kila mtu atakuwa na karatasi yake na kalamu yake. Tutafumba macho, tutahesabu hadi mia mbili, tutatazama, tutaandika bila kusema neno, halafu tutabadilishana. Zikitofautiana, zimetofautiana, zitaandikwa hivyo hivyo.

Na usinitazame usoni kabla hujaandika.

Baba yako